Nishati Isiyo na Faktura: Jiko, Taa na Paa Kusini mwa Maniema

Kwa kaya nyingi za Kasongo na Kabambare, faktura ya umeme ni karatasi ya watu wa Kindu, Bukavu au Lubumbashi. Vijiji vya teritwari hizi mbili za kusini mwa jimbo la Maniema havina nguzo za SNEL, shirika la taifa la umeme, wala hakuna mtu anayepita mwisho wa mwezi kusoma mita.

Hata hivyo, haipiti siku bila nyumba hizo kulipia nishati. Asubuhi mama ananunua fungu la makala kando ya njia, au binti anatumwa kuni kabla ya kwenda shule. Mchana simu inapelekwa kwa kijana mwenye paneli ya jua ili ichajiwe kwa malipo. Jioni betri za tochi zimekwisha nguvu na mpya lazima zinunuliwe. Usiku mvua inapopiga, watu wazima wanaamka kusogeza mikeka ya watoto mahali pasipovuja, na kesho yake kuni zilizolowa zinakataa kuwaka, kwa hiyo fungu jingine la makala linanunuliwa.

Malipo haya hayaandikwi popote. Yanatoka mfukoni faranga kwa faranga, na kwa kuwa hayaonekani katika kitabu chochote, hakuna anayeyahesabu kuwa mzigo unaostahili kupunguzwa. Msaada unapozungumzwa, watu hufikiria chakula, dawa na ada ya shule. Jiko, taa na paa huachwa kuwa shauri la kila nyumba, ingawa ndivyo vinavyokula sehemu kubwa ya pesa na nguvu za maskini.

Ukubwa wa tatizo unajulikana vizuri katika ngazi ya taifa. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, karibu watu wanne kati ya watano hawana umeme, na mashambani hali ni mbaya zaidi. Wanaopika kwa gesi, umeme au nishati nyingine safi ni wachache sana, hawafiki hata mmoja kati ya kumi. Wengine wote wanategemea mti, ama ukiwa kuni ama ukiwa makala.

Kwa wenye faktura, msaada una anwani

Katika nchi tajiri jambo hili limewekewa sheria. Marekani ilianzisha mwaka 1976 mpango wa kukarabati nyumba za watu wenye kipato kidogo ili zisipoteze joto wakati wa baridi wala zisigeuke tanuri wakati wa kiangazi. Mafundi hufika nyumbani, hupima mahali hewa inapopenya, huziba nyufa, hutandika vizuizi vya joto darini na hurekebisha mitambo ya kupasha nyumba joto. Tangu hapo, nyumba zaidi ya milioni 7 zimefanyiwa kazi hiyo. Mwaka 1981 ulifuata mpango wa pili, unaojulikana kwa kifupi kama LIHEAP, ambao husaidia kaya maskini kulipa faktura za umeme, gesi au mafuta ya kupasha nyumba joto.

Wakongo wanaijua habari hiyo, kwa sababu katika miaka kadhaa, ukiwemo 2016, Kongo ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopewa makazi Marekani. Familia iliyokulia Kongo ya mashariki na kupelekwa mji wenye theluji ilikutana na faktura kubwa ya kwanza ya majira ya baridi, kisha ikaelezwa kuwa ipo ofisi ya kuombea msaada.

Mipango hiyo miwili ina somo linaloweza kuvuka bahari. Wa LIHEAP unalipa deni la mwezi huu, na mwezi ujao deni linarudi. Wa kukarabati nyumba unalipa mara moja, na nafuu inabaki kwa miaka mingi kwa sababu nyumba yenyewe imebadilika. Kusini mwa Maniema, ambako hakuna faktura ya kulipiwa, njia ya kwanza haina pa kushika. Njia ya pili ina pa kushika, ila ianzie kwenye mafiga, si kwenye mita.

Moto unaopotea porini

Makala yanapendwa kwa sababu nzuri. Ni mepesi kubeba, hayana moshi mwingi, na yakihifadhiwa pakavu hayaozi. Lakini ni nishati ya hasara. Katika tanuru la kienyeji, ambamo magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo kisha huchomwa polepole kwa siku kadhaa, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala. Kilo moja ya makala ina karibu mara mbili ya nguvu ya kilo moja ya kuni, lakini hata hesabu ikifanywa kwa upole, zaidi ya nusu ya moto uliokuwa ndani ya mti umekwisha kupotea kabla gunia halijafungwa juu ya baisikeli kwenda sokoni.

Hasara ya pili hutokea jikoni. Mafiga matatu ya mawe yaliyo wazi upepo huingiza kwenye sufuria sehemu ndogo tu ya joto la kuni, kati ya asilimia 10 na 15 hivi. Mbabula ya bati tupu nayo humwaga joto pande zote. Mpishi hulihisi miguuni mwake, na joto hilo amelilipia.

Wakenya walishughulika na hasara hii mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya uliofanyika Nairobi mwaka 1981, wataalamu na mafundi wa bati walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand wakalitengeneza upya kwa umbo la mbabula ya kwao: chuma nje, udongo wa kuchomwa ndani, kiuno chembamba ili lisipinduke. Jiko hilo hupunguza makala kwa theluthi moja au hata nusu, kulingana na ubora wake na mkono wa mpishi. Halikuletwa na kiwanda kikubwa. Lilienea kupitia mafundi wa mitaani wanaopiga bati na wafinyanzi waliojua udongo, na mafundi wa aina hizo mbili wapo pia Maniema.

Tuchukue hesabu ya mfano, si bei ya soko lolote. Kaya inayotumia faranga 1,000 za makala kwa siku inachoma faranga 365,000 kwa mwaka. Jiko likipunguza theluthi moja, zinabaki zaidi ya faranga 120,000 mkononi. Tatizo ni kwamba anayenunua makala kwa mafungu madogo ndiye asiyekuwa na pesa ya kununua jiko zuri kwa mara moja, wala gunia zima ambalo bei yake kwa kilo huwa nafuu zaidi. Umaskini unamlazimisha kununua ghali.

Kwa wanaopika kwa kuni, jiko la nafuu linaweza kujengwa bila kununua karibu chochote. Udongo wa kichuguu hupondwa na kuchekechwa, huchanganywa na pumba za mpunga au nyasi zilizokatwa, hutiwa maji na kukanyagwa kwa miguu mpaka ulainike, kisha hufunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa siku mbili tatu. Sufuria inayotumiwa kila siku huwekwa juu ya mawe matatu madogo, na udongo hujengwa kuizunguka kama ukuta. Hapo ndipo penye kazi ya jicho: kati ya sufuria na ukuta iachwe nafasi ya upana wa kidole, yaani sentimita moja hivi. Nafasi ikiwa kubwa, moto unakimbilia hewani. Ikiwa ndogo mno, moshi unakosa njia na kuni zinazimika. Mlango wa kuni uwe mdogo, na ndani yake kiwekwe kibao cha bati au kigae cha kulalia kuni ili hewa ipite chini yake. Jiko likaushwe kivulini wiki mbili au tatu, na nyufa zinazotokea zizibwe kwa udongo uleule. Likijengwa vizuri, linaweza kupunguza kuni kwa kiasi cha theluthi na zaidi.

Kuni zenyewe zina kanuni yake. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto lazima uyafukuze maji hayo kwanza ndipo upike. Kuni zilizopasuliwa na kupangwa chini ya paa tangu kiangazi cha Juni hadi Agosti ni akiba kwa miezi ya mvua. Nyumba isiyo na ukumbi wa kuzihifadhi haiwezi kufanya hivyo, na hapa paa na jiko vinaanza kuwa jambo moja.

Yapo pia mazoea ya jikoni yasiyo na gharama. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi. Sufuria iliyofunikwa hutumia moto kidogo kuliko iliyo wazi. Na wali, ambao ni chakula cha nyumbani Kasongo tangu wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walipoeneza kilimo cha mpunga Maniema katika karne ya 19, unaweza kumaliziwa bila moto kabisa: ukishachemka dakika chache, sufuria huondolewa na kuzikwa ndani ya kapu lililojazwa nguo kuukuu au nyasi kavu, likafunikwa vizuri. Baada ya dakika 40 au saa nzima wali umeiva kwa joto lake wenyewe.

Mpunga una zawadi nyingine inayotupwa. Karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake ni pumba, na palipo na mashine ya kukoboa huwa na lundo lake. Nchi za Asia zinazolima mpunga zimetumia pumba miaka mingi kuchomea matofali na hata kupikia katika majiko maalumu. Kwa eneo linalojulikana kwa mpunga kama Kasongo, hii ni nishati ambayo tayari imefika mjini kwa gharama ya mkulima, na haihitaji mti kukatwa.

Kupanda kitakachochomwa

Kusini mwa Maniema kuna mpaka wa msitu na savana. Miti bado ipo, kwa hiyo onyo la kuisha kwake huonekana kama habari ya mbali. Lakini kuni hazihesabiwi kwa ukubwa wa msitu, huhesabiwa kwa mwendo wa anayezifuata. Kadiri mji unavyokua, pete ya miti iliyo karibu inasogea nje, na binti anayekwenda kuni anatembea zaidi. Katika sehemu za Kabambare ambazo zimeona vita na makundi yenye silaha kwa miaka mingi, mwendo huo ni hatari kwa mwanamke zaidi ya kuwa uchovu.

Kongo ina mifano yake yenyewe ya kupanda miti ya nishati. Mampu, kwenye uwanda wa Bateke mashariki ya Kinshasa, kulipandwa hekta 8,000 hivi za mikesia mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baadaye shamba hilo likagawiwa familia 300 hivi, kila moja hekta 25. Familia hukata sehemu ya mikesia, huchoma makala, hupanda mihogo na mahindi katika ardhi iliyorutubishwa na miti hiyo, kisha huiacha miti iote tena. Karibu zaidi na Maniema, mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF ulianza mwaka 2007 katika Kivu ya Kaskazini, ukiwasaidia wakulima wadogo kupanda miti kwenye mashamba yao ili makala ya Goma yasitoke yote ndani ya Hifadhi ya Virunga.

Jambo lililofanya mifano hiyo isimame ni haki ya ardhi. Mkulima hupanda mti wa miaka saba akiwa na uhakika kuwa atauvuna yeye. Kasongo na Kabambare, makubaliano hayo yanapitia kwa machifu na wazee wa ardhi, na ndio wanaoweza kuanzisha mashamba ya kuni ya kijiji bila kungoja mradi wa nje.

Taa: ndogo, lakini ghali

Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yakiongozwa na kamanda Dhanis yalipouteka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, daktari Mwingereza aliyekuwa nao, Sidney Hinde, aliandika kwa mshangao juu ya vitu vilivyokutwa katika nyumba za mji: vyandarua vya hariri, viberiti, mishumaa, sukari, vyombo vya fedha. Mwanga wa kununuliwa ulikwisha kufika Kasongo kabla ya reli kufika Maniema. Zaidi ya miaka 130 baadaye, kaya nyingi bado zinanunua mwanga vipande vipande, leo betri, kesho mshumaa, siku nyingine mafuta ya koroboi.

Mwanga wa betri za tochi ni wa bei ya juu sana ukipimwa kwa saa za kuwaka, na betri zilizokwisha hutupwa uani ambako watoto huchezea na maji ya mvua hupita. Koroboi ina moshi na imeshachoma watoto na nyumba nyingi za nyasi. Taa ndogo ya jua yenye betri ya kuchajiwa huondoa matumizi yote hayo kwa miaka kadhaa, mradi iwe bidhaa halisi. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumizwa. Taa isiyo na ubora huzima baada ya miezi michache, na aliyeinunua kwa akiba ya mwaka mzima anaapa kutonunua tena kitu cha jua. Mnunuzi atafute taa yenye dhamana iliyoandikwa na muuzaji anayejulikana mahali alipo, aiwashe usiku mmoja mzima kabla ya kulipa malipo yote, na akague kama betri inaweza kubadilishwa.

Kongo ya mashariki inajua pia nguvu ya maji. Kituo cha Lutshurukuru, kilichojengwa wakati wa machimbo ya bati, kimekuwa chanzo cha umeme wa Kalima na Kindu, wakati kusini mwa jimbo pamebaki kando. Sheria ya umeme ya Juni 2014 ilifungua mlango kwa makampuni binafsi na vyama vya wenyeji kuzalisha na kuuza umeme, na ikafuatiwa na wakala wa umeme wa vijijini, ANSER. Mwezi Januari 2025, katika mkutano wa Dar es Salaam kuhusu nishati ya Afrika, serikali ya Kongo ilitangaza shabaha ya kuwafikishia umeme zaidi ya asilimia 60 ya wananchi ifikapo mwaka 2030. Tanzania, jirani aliyeandaa mkutano huo, tayari ilikuwa imezindua Mei 2024 mkakati wake wa miaka kumi wa kuwafikisha asilimia 80 ya watu kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ahadi kama hizi zitapimwa katika teritwari kama Kabambare, si katika miji mikuu.

Manjanja, nyasi na udongo

Nyumba za Kasongo na Kabambare ni za aina chache zinazojulikana: kuta za miti na udongo, za matofali mabichi au ya kuchomwa, juu nyasi au manjanja. Kila moja ina namna yake ya kumgharimu mwenyewe.

Nyasi hutuliza joto mchana na kelele za mvua usiku, lakini huoza baada ya miaka michache, huficha wadudu na hushika moto kwa cheche moja ya kiangazi. Manjanja hudumu, hukinga moto na hukusanya maji safi ya mvua yakiwekewa mfereji. Ndiyo maana kila familia inayopata pesa huyakimbilia. Ubaya wake huonekana saa sita mchana, bati linapotema joto moja kwa moja juu ya vichwa, na alfajiri za kiangazi, ubaridi unaposhuka kupitia bati hilohilo.

Dawa yake haihitaji kiwanda. Dari ya mianzi, matete au mikeka, iliyofungwa chini ya manjanja na kuacha nafasi ya hewa, hukata sehemu kubwa ya joto hilo. Matundu madogo yenye wavu kwenye pembe za juu za kuta hutoa hewa ya moto iliyopanda na huzuia mbu. Chokaa nyeupe ukutani hurudisha mwanga wa jua na kuangaza chumba, hivyo taa huwashwa kwa kuchelewa.

Adui mkubwa wa ukuta wa udongo ni maji. Paa likichomoza nje ya ukuta kwa nusu mita au zaidi, mvua haiupigi ukuta. Mtaro ukichimbwa kuizunguka nyumba na mguu wa ukuta ukijengwa kwa mawe, maji yanayoruka kutoka chini hayaumegi. Baraza ndefu ya mbele, ambayo nyumba za Kiungwana za Maniema zimekuwa nayo kwa vizazi, hufanya kazi hizo zote pamoja: hukinga ukuta, huhifadhi kuni kavu na kuwapa watu kivuli. Familia inayofupisha paa ili kuokoa karatasi mbili za bati huja kulipa zaidi kwa kukandika ukuta kila mwaka.

Lipo onyo moja ambalo halipaswi kusahauliwa. Huko Marekani, mafundi hawazibi nyumba kabla ya kupima hewa ya sumu inayotoka kwenye mitambo ya moto. Kusini mwa Maniema kanuni ni ileile: mbabula isilazwe chumbani. Usiku wa baridi au wa mvua, makala yaliyobaki yakiingizwa ndani na milango ikafungwa, hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua waliolala. Moshi wa kila siku nao huua polepole. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 230,000 walio chini ya miaka mitano. Jiko libaki nje au katika chumba chake chenye njia ya moshi. Kinachozibwa ni chumba cha kulala, na matundu yake ya juu yabaki wazi.

Mikono iliyopo tayari

Msaada wa makazi si mgeni katika eneo hili. Kwa miaka mingi, mashirika ya kibinadamu katika Kongo ya mashariki yamewagawia watu waliohamishwa na vita vyombo vya jikoni, mablanketi na turubai, au yamewapa kuponi za kununua wanachotaka katika maonyesho ya wafanyabiashara. Kuponi zina heshima yake, kwa maana mama huchagua mwenyewe. Kinachokosekana mara nyingi mezani pa maonyesho hayo ni jiko lililo bora na taa ya jua yenye dhamana. Sufuria bila moto ni nusu ya msaada.

Mradi wa Tuungane, ulioanza mwaka 2007 kwa fedha za Uingereza chini ya mashirika ya IRC na CARE, ulifika Maniema na kuacha jambo la kukumbukwa: vijiji vilichagua kamati zenye wanawake na wanaume, vikaamua vyenyewe fedha zijenge nini, na vingi vikachagua shule. Kamati za namna hiyo zinaweza kuamua pia nyumba zipi za wajane, wazee na walemavu ziezekwe kabla ya mvua za Septemba.

Vipo vikundi vya akiba na mkopo vya vijijini, vinavyoitwa AVEC, na likelemba za kina mama, yaani michango ya zamu. Jiko zuri au taa ya jua ni kitu kinachofaa hasa mkopo wa kikundi, kwa kuwa kinarudisha pesa yake kila siku: faranga zilizokuwa zikienda kwenye fungu la makala na betri ndizo zinazolipa deni. Kikundi kinaweza kuagiza taa nyingi kwa pamoja na kudai dhamana kwa sauti moja, jambo asiloweza mnunuzi mmoja.

Na zipo nyumba za ibada. Kasongo ni makao ya jimbo Katoliki lenye Caritas yake, na Maniema ndiyo yenye Waislamu wengi kuliko karibu kila sehemu nyingine ya Kongo. Sadaka ya Kwaresima na zaka ya Ramadhani hufikiria chakula na nguo kwanza, na ni haki. Zikitenga sehemu kwa ajili ya karatasi za bati, siku mbili za fundi na udongo wa jiko, zitaacha kitu kinachoendelea kulisha baada ya mfungo kwisha.

Serikali ya jimbo huko Kindu, pamoja na wasimamizi wa teritwari za Kasongo na Kabambare, wanaweza kuanza na kazi isiyohitaji bajeti kubwa: kuhesabu. Kila utafiti wa kaya unaofanywa kwa ajili ya afya au chakula uulize pia maswali matatu: nyumba hii inatumia kiasi gani kwa makala na kuni kwa wiki, kiasi gani kwa mwanga, na paa linavuja au halivuji. Majibu hayo yakiandikwa, ANSER na wafadhili watakuwa na mahali pa kuanzia, na kaya hizi hazitaachwa nje ya mipango ya nishati kwa sababu tu hazina mita. Wakati wa kujenga majiko na kuezeka paa ni kiangazi, tanuru la matofali linapowaka, nyasi zikiwa kavu na njia zikiwa zinapitika; mvua zikishaanza, kila kinachojengwa huwa ghali zaidi.